Hapana Niliyomjibu Lennart

Kama mna nia ya kuingia baraza la manispaa, jambo la kwanza ni hili: msikohoe.

Najua mlitarajia nianze na siasa. Divine aliponipigia simu alisema ninyi vijana wa kundi la Jumamosi mnataka kujua mtu aliyekulia kwenye kufyeka pori la Mpanda alifikaje kwenye kiti cha diwani huku Stockholm, na alifanya nini alipofika. Yeye mwenyewe anagombea safari hii, kwa hiyo nadhani kundi ni kisingizio tu. Sawa. Mimi nimestaafu mara mbili, kwenye kitalu cha miche na barazani, ninakaa hapa Hjulsta mwisho wa njia ya buluu ya treni, na muda ninao. Manispaa niliyoitumikia siitaji kwa jina. Iko kandokando ya jiji, na wengi ninaowasema bado wanakutana dukani.

Sasa kikohozi. Kwetu Mishamo, huko Mpanda, katika makazi ya wakimbizi wa Burundi, mtu hakurukia neno kikaoni. Ukiwa na la kusema ulikohoa kidogo, ukatazama chini, mwenyekiti akaelewa. Msemaji akimaliza, mwenyekiti anasema, "Naona Zabuloni kifua kinambana," watu wanacheka, unasimama. Kikohozi cha kupinga kilikuwa kizito kuliko cha kuunga mkono, na wazee walivitofautisha bila shida. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingi, kwa hiyo vikohozi vyangu vilikuwa vimekomaa.

Kikao changu cha kwanza huku kilihusu taa za barabarani, nami nilikuwa na la kusema. Nikakohoa. Jirani yangu wa kiti, mama mmoja aitwaye Barbro, dereva mstaafu wa basi, aliweka chini soksi aliyokuwa akiifuma, akafungua mkoba, akanipa pipi ya koo. Nikashukuru. Nikakohoa tena, safari hii kwa uzito. Akanisogezea pakiti nzima. Nyundo ya mwenyekiti ikagonga meza, hoja ikapita, na taa zile mpaka leo zinamulika mahali asipopita mtu.

"Unaumwa?" Barbro akaniuliza wakati wa kahawa.

Nikamweleza. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Hapa mtu akikohoa ni kikohozi," akasema. "Ukitaka kusema, bonyeza kitufe."

Kitufe kilikuwa mbele yangu muda wote. Nilidhani ni cha taa ya mezani.

Huyo Barbro ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa amekaa barazani tangu enzi ambazo watu walivuta sigara mle ndani, na hakuwa na haraka na chochote isipokuwa soksi zake. Ndiye aliyenieleza kwa nini kikao cha pili nilijiaibisha. Mwenyekiti aliuliza kama baraza linakubali pendekezo, nami nikiwa nalikataa nikasema "nej", yaani hapana, kwa sauti ya kusikika nyuma. Ukumbi mzima ukageuka. Barbro akaniinamia. Kumbe mle ndani wanaokubali husema "ja", kisha mwenyekiti anauliza nani anakataa, na wanaokataa nao wanasema "ja". Mwenyekiti anasikiliza ja ipi ni kubwa, anainua nyundo. Kama huridhiki, una nafasi ndogo kabla nyundo haijatua ya kusema "votering", yaani watu wapige kura wahesabiwe. Nyundo ikishatua, kaa utulie, unywe maji.

"Kwa hiyo hapa hata anayekataa anasema ndiyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo," akasema Barbro, "lakini angoje zamu yake."

Jambo lingine lililonitesa ni majina. Huku mwenyekiti wa baraza, mwanamke wa heshima zake, anaitwa jina lake la kwanza na kila mtu, hata na mfagizi. Ulimi wangu ulikataa. Nikawa namwita "mama mwenyekiti". Baadaye nikaambiwa watu walidhani namdhihaki umri wake. Nilipoanza kumwita jina, nilijisikia kama mtoto anayemjibu mama yake kwa kiburi, na hali hiyo haikunitoka mpaka nastaafu. Ninyi mliosomea huku haitawasumbua, mnawaita hata walimu majina.

Mnauliza kuhusu pori. Vijana mnapenda sana habari za pori, nadhani kwa sababu hamkung'atwa na mbung'o. Mimi nilivuka kutoka Burundi nikiwa kijana mdogo na wazazi. Tulipopelekwa Mishamo tulishushwa kwenye lori, tukaonyeshwa miti, tukaambiwa, "Shamba lenu hili hapa." Ilikuwa miombo, migumu, imesongamana, na nguruwe pori wakitusikiliza humo ndani. Baba yangu alikuwa ameacha shamba la migomba Burundi ambalo hakutaka hata kulitaja. Alizunguka mti mmoja, akaugonga kwa nyuma ya shoka, akasema tuanze.

Wengi walikimbilia visiki. Ukikata mti unaona kisiki kimebaki, kinakuudhi, unataka kiondoke leo. Unachimba, unakata mizizi, shoka linavunjika mpini, mvua zinafika hujapanda kitu. Baba alitukataza. Miti mikubwa tuliibandua gome kuzunguka shina, tukaiacha ikauke imesimama. Visiki tukaviacha vioze vyenyewe, tukapanda mahindi katikati yake. Shamba letu mwaka ule lilikuwa na sura ya kinywa chenye meno mabovu, na watu walitucheka. Lakini tulivuna.

Hilo ndilo pekee nililotoka nalo Mishamo likanifaa barazani, mengine yote ilibidi nijifunze upya. Diwani mpya huingia akakuta mambo yaliyokwama tangu zamani, shule isiyojengwa, ugomvi wa vyama juu ya daraja fulani, naye anaamua atayang'oa hayo kwanza. Namtazama tu. Mimi nilipanda katikati. Niliomba benchi kituo cha basi cha mlimani, kwa sababu wazee walikuwa wanakaa kwenye mifuko yao ya chakula. Niliomba mchanga umwagwe mapema kwenye njia ya shule wakati wa barafu. Hakuna aliyenipigia makofi, ila watu walikaa kwenye benchi.

Na jueni kwamba udiwani huku si ajira. Mchana mimi nilikuwa kitaluni kwa manispaa hiyohiyo, naotesha miche ya maua na kupogoa miti ya barabarani. Jioni nakwenda kikaoni na udongo kwenye kucha. Zamani makabrasha ya kikao yaliletwa nyumbani kwenye bahasha nene, mke wangu akiyapima kwa mkono na kusema, "Wiki hii wamekuonea." Baadaye tukapewa vishikwambi, na wazee wa baraza wakawa wanasukuma kioo kwa kidole huku wametoa ulimi. Siri ya makabrasha haijabadilika: tafuteni kwanza ukurasa wenye pendekezo la uamuzi. Huo ndio mchuzi. Kurasa nyingine ni watu wanaeleza kwa nini wameupika.

Sasa niwaambie habari ya bonde, maana ndiyo Divine anayoitaka, ingawa hakusema.

Nyuma ya kituo cha treni palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na vipande vya bustani ambavyo manispaa iliwapa wakazi walime. Walikuwepo Warundi, Wakongo, Wairaki, na wastaafu wa Kiswidi wenye viti vya kukunja na redio. Mimi sikuwa na kipande. Ukishinda mchana kutwa na jembe la manispaa, jioni hamu ya kulima huna. Aliyekuwa nacho ni Mama Eliya, bibi yake Divine.

Mama Eliya namfahamu tangu Mishamo, alikuwa kijiji cha jirani. Burundi aliacha shamba. Mishamo alifyeka shamba kwa mikono yake baada ya mumewe kufa, akaliacha pia tulipotawanyika, wengine tukaletwa huku. Alipofika huku majira yake ya kwanza ya baridi aliacha kusema. Hakuwa mgonjwa, anakula, anafua, lakini maneno hayamtoki. Mwanawe Eliya alikuwa ananipigia simu, "Mzee, njoo umsemeshe mama," nami naenda, tunakaa tunatazama theluji. Mwaka uliofuata akapata kile kipande bondeni. Akapanda lengalenga, yaani mchicha wetu, maharagwe, maboga kwa ajili ya majani yake, na mahindi ambayo kila mwaka yalikataa kukomaa na kila mwaka aliyapanda. Na maneno yakarudi. Akawa anatukana konokono kwa Kirundi toka asubuhi.

Ndipo likaja pendekezo la kujenga maghorofa bondeni.

Nisimwonee mtu. Kiongozi wa chama chetu barazani alikuwa Lennart, mrefu, mpole, mtu asiyeinua sauti hata akiwa na haki. Hoja yake ilikuwa nzito. Vijana hawakuwa na mahali pa kukaa. Watoto wazima walikuwa wanalala sebuleni kwa wazazi, na foleni ya nyumba ilikuwa haisogei. Divine mwenyewe wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo na alilala kwenye sofa la bibi yake, miguu ikining'inia. Lennart aliniambia mara moja, "Zabuloni, nyumba hizi ni za watu wako pia." Alisema kweli. Nilichokuwa nacho ni Mama Eliya, aliyeniita bondeni akaegemea jembe.

"Baba Neema," akasema, maana Neema ndiye binti yangu wa kwanza, "nimehamishwa mara mbili. Ya tatu sina nguvu nayo."

Hakulia, wala hakuniomba kitu. Akarudi kwenye maharagwe. Mimi nikapanda mlima kurudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kupinga, chama kitake kisitake.

Siku chama kilipokutana kupanga msimamo, nilikuwa zamu kitaluni, majira ya kupanda, haikuwezekana kuondoka. Kwa hiyo Lennart alinikuta siku ya kura, nje ya chumba cha kikao, kahawa haijamiminwa bado. Akaniuliza kwa upole wake wote:

"Du tänker väl inte rösta emot oss?"

Yaani: wewe huna nia ya kupiga kura ya kutupinga, au sivyo?

Ngojeni hapa kidogo. Mtu akiniuliza kwa Kiswahili, "Hutapinga?" na mimi napinga, nasema "Hapana." Maana yake hapana, si hivyo, nitapinga. Kama sipingi nasema "Ndiyo," yaani ndivyo, sipingi. Nusu yenu hamjui hili, kwa sababu mama akiwauliza "Hujala?" mnajibu kwa Kiswidi mkiwa mmeshafunga mlango, naye anabaki na sufuria mkononi.

Nikamtazama Lennart usoni. Kumkatalia mkubwa wako ana kwa ana si jambo dogo kwetu. Nikasema:

"Nej."

Akatabasamu. Akanipiga begani. "Bra," akasema, safi, akaenda kwenye kahawa.

Nilibaki nimesimama nikimstaajabia. Nikawaza, huyu ndiye mtu mzima. Unamwambia utampinga, naye anakupiga begani! Nikaona kweli nchi hii ina demokrasia. Nikaingia ndani nikamweleza Barbro, ambaye yeye alishatangaza wazi kuwa anapinga.

"Umemwambia Lennart utapinga?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema bra. Akanipiga begani."

"Lennart?"

"Lennart."

Barbro alifuma kidogo. "Labda anaumwa," akasema.

Kumbe Lennart alikuwa ameshahesabu watu wake nami nikiwemo. Diwani mmoja wa upande wake alipiga simu kwamba mtoto ana homa. Lennart, kwa kuwa ana roho nzuri, akamwambia abaki nyumbani, tunatosha. Tukaingia. Watu wakasema waliyonayo. Mwenyekiti akauliza nani anakubali, ja ikasikika, akauliza nani anakataa, ja nyingine ikasikika, akasema anaona ya kwanza imeshinda, akainua nyundo. Barbro akasema "votering" bila kuinua macho kwenye soksi. Tukabonyeza. Matokeo yakatokea ukutani, na pendekezo la Lennart lilikuwa limeanguka kwa kura moja.

Aligeuka kwenye kiti chake akanitazama. Sijawahi kuona mtu mpole akiwa na uso ule.

Nje akanisimamisha. "Umenidanganya," akasema. Hakuinua sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Sikukudanganya. Nilikwambia."

"Nilikuuliza, ukasema nej!"

"Ndiyo, nilisema nej!"

"Basi!"

"Basi nini?"

Tukazunguka hapohapo mpaka watu wakaanza kupita pembeni mwa ukuta. Nilikwenda nyumbani nimeumia. Nimeitwa mambo mengi maishani, mkimbizi, mgeni, mtu wa kuja, lakini mwongo sikuwahi. Nikampigia Neema, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha malori Södertälje. Nikamsimulia neno kwa neno. Upande wa pili nikasikia anacheka, kisha akawaita wenzake wa zamu, nao wakacheka.

"Baba, ulitakiwa kusema *jo*," akasema. "Ukisema nej, umemwambia hutapinga."

"Jo ni nini?"

"Jo ni ja ya kukataa hapana ya mtu."

Miaka yote ile nchini nilikuwa nasikia watu wakisema jo nikidhani ni ja ya watu wa mashambani. Nenda kajifunze lugha ukubwani uone.

Nilimfuata Lennart nikamweleza. Nilimpa mifano, hujala, huendi, hutapinga. Alisikiliza kwa makini, akanywa kahawa yake yote.

"Kwa hiyo ulikuwa mkweli," akasema.

"Mkweli kabisa."

"Basi hata kukasirika siwezi," akasema, na akaonekana kusikitika kuikosa hasira yake.

Bondeni, kwa upande mwingine, walipika. Mama Eliya alichemsha maharagwe, Wairaki wakaleta mikate, wastaafu wa Kiswidi wakaongeza sauti ya redio. Nikawaambia jambo halijaisha, kwamba huku pendekezo likianguka hurudi limevaa koti jingine. Walinijazia sahani. Niliona nimesema, nikala.

Liliporudi, Lennart alikuja kwangu mapema. Alisimama mbele yangu akauliza polepole, akitenganisha maneno kwa faida yangu: "Utapiga kura ya kupinga? Ja au nej?"

"Ja," nikasema. "Nitapinga."

"Asante," akasema, na hakunipiga begani.

Safari hii alijua idadi yake, na alishawavuta wengine wa upande wa pili. Walikuja wote, wenye homa na wasio na homa. Nilibonyeza kitufe, nikapanda kwenye kile kimeza cha kusemea, nikasema habari za bonde lile na wanaolilima. Walinisikiliza kwa adabu. Barbro akaita votering, tukabonyeza, na tukashindwa vizuri kabisa, hata kuhesabu upya hakukuwa na maana. Kutoelewana kulikuwa kumelilinda bonde kwa msimu mmoja wa kupanda na kuvuna. Tulipoelewana, likaenda.

Nilirudi kitini, nikakohoa. Kilikuwa kikohozi tu. Barbro akafungua mkoba wake, akaniwekea pipi mezani bila kunitazama. Nikaila.

Kazi ya diwani ambayo hakuna mtu atakayekufundisheni ni ile ya kushuka mlima baadaye. Kura inapigwa kwa kitufe, lakini matokeo inabidi uyapeleke kwa miguu. Usimtumie mtu ujumbe wa simu, wala usingoje ayasome kwenye tovuti ya manispaa. Unakwenda. Na ukifika, mwananchi atakuuliza kwa namna watu wote wenye hofu wanavyouliza, akianza na kukana: hamtatuondoa, sivyo? Hawatafunga, eti? Mkijibu ndiyo, mmoja atasikia hivi na mwingine vile. Mkijibu hapana, hivyohivyo. Msijibu ndiyo wala hapana. Semeni sentensi nzima, mwanzo mpaka mwisho, hata kama mwisho wake unaumiza.

Divine, hapa naacha kundi nasema na wewe, kwa sababu ulikuwepo. Ilikuwa Jumamosi, umevaa buti za bibi yako, unafunga maharagwe kwenye vijiti. Bibi alikuwa anapalilia tuta la lengalenga. Aliniona nikishuka, hakusimama, alingoja nifike karibu.

"Baba Neema," akasema, "hatuhami?"

Nami, baada ya yote hayo, baada ya Lennart, baada ya Neema na wenzake kunicheka, nilisikia swali la kwetu nikajibu kwa jibu la kwetu.

"Hapana."

Jembe lake lilisimama. Yeye alikuwa ameelewa. Lakini wewe ulisikia kwa masikio ya hukuhuku, ukaruka na vijiti mkononi.

"Nej? Farmor! Vi flyttar inte!" Yaani: bibi, hatuhami! Ukamkumbatia, ukanikumbatia na mimi, ukaanza kutafuta simu mfukoni uwaambie watu wote. Nilifungua kinywa nikusahihishe.

Bibi yako alinishika mkono. "Mwache," akasema taratibu. Kisha akakugeukia wewe: "Simu weka. Njoo tumalize tuta hili kwanza."

Ukaiweka. Tukapalilia sote watatu, wewe katikati, unaimba. Bibi yako alikwenda polepole kuliko nilivyowahi kumwona akilima, anang'oa hata vijani visivyo na madhara, na mimi nikamfuata kwa mwendo wake. Sijui kama unakumbuka hilo. Tulipofika mwisho wa tuta nikanyoosha mgongo, nikakuambia kwa sentensi nzima.